Joto Limezidi, na Kibondo Kunanyesha

Mwanangu Dafroza,

Najua utaanza kwa kucheka. Mtu mwenye simu, tena yenye salio, anakaaje mezani na kalamu kumwandikia binti anayelala chumba cha pili? Lakini leo umekwenda Munanila kumuaga bibi yako, na ninavyomfahamu mama yangu, hatakuachia kabla hujala mara mbili na kubebeshwa mkungu wa ndizi. Nimepata nyumba tupu na alasiri nzima. Simu nimeijaribu. Nikiandika mistari michache inanikatisha kuniuliza kama nilikuwa na maana ya neno jingine, na mimi nikiulizwa sana nasahau nilichotaka kusema.

Mambo ya kufua, kupika, kusali na kufunga mlango sitayagusa. Nimeyasema tangu ukiwa na meno ya utoto, na yale ambayo hukuyashika mpaka leo, kalamu haitakushikisha.

Kesho unakwenda Morogoro kufanya kazi kwenye kituo cha kuchaji magari ya umeme, na kupokea simu za waliokwama kwenye vituo vingine. Watu watafika na haraka zao, watatazama kioo cha mashine, hawatakielewa, kisha watakugeukia wewe kwa hasira kana kwamba umekiandika. Mmoja wao atakuwa mama mnene wa makamo, ameloa, anapiga kelele, na kila unachomwambia anasema ameshafanya. Umeme wewe umeusoma, mimi najua kuendesha tu, kwa hiyo mashine siwezi kukufundisha. Huyo mama ndiye ninayemjua vizuri. Nimekuwa yeye.

Ile safari ya vifaranga unaijua kwa mdomo wa Bwana Seifu, mwajiri wangu. Nawe unamjua: akivuka barabara kununua vocha, anarudi akisimulia kama mtu aliyetoka kwao Tanga kwa miguu. Kwa maneno yake, mama yako alifika Kibondo, akakuta mashine ya kuchaji imekufa, akaifufua kwa mkono mmoja. Habari hiyo nimeiacha itembee Kasulu nzima kwa sababu ilinipunguzia maneno ya madereva wanaume pale stendi. Wewe ulikuwa chuoni. Sasa kaa, nikusimulie ilivyokuwa.

Ulikuwa msimu wa mvua, na kile kigari cheupe cha umeme kilikuwa bado kigeni kwetu sote. Mama Evelina alikuja Kasulu kuchukua vifaranga wa siku moja. Huyu ni mkulima wa kijiji kilicho mbele ya Kibondo, wa familia zile zilizotoka Burundi zamani zikapata uraia hapa. Kuku wake wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa kideri, banda likabaki na manyoya. Muhogo unamlisha, lakini kuku ndio waliokuwa wakinunua dawa za mumewe na sare za wajukuu. Vifaranga hawa alikuwa amewasubiri kwa muda mrefu, na hakuwa na namna ya kupata wengine. Tuliwapanga nyuma ya gari kwenye maboksi yenye matundu, wakilia hata ikabidi tuongee kwa kupaza sauti.

"Mama Dafroza," akaniambia, "hawa wakifa mimi sirudi kwangu. Unishushe Makere niombe kazi ya kupika."

"Hawafi," nikamjibu. "Umempata dereva."

Yule dereva, mwanangu, alianza kukosea kabla gari halijatoka mjini.

Ilibidi nichaji kwanza pale Kasulu. Siku Bwana Seifu aliponikabidhi plagi ya gari lile aliniambia, "Hiki kitu ni ghali kuliko mimi na wewe. Kishike kama yai." Na mimi ni mtiifu, muulize yeyote. Nikaiingiza plagi taratibu kama ninayemlisha mgonjwa uji, nikaiacha pale ilipokomea. Nikatazama taa ya mashine: kijani. Maisha yangu yote kijani ni ruhusa, ni mahindi yaliyoshika vizuri, ni mambo mema. Kwenye kioo palikuwa na neno la Kiingereza nisilolijua, nikalitikisia kichwa kama ninavyomtikisia mtu ambaye nimesahau jina lake. Nikamchukua Mama Evelina tukaenda kibanda cha jirani kunywa chai.

Tulirudi tumeshiba. Gari lilikuwa na njaa ileile.

Kijani kile kilikuwa kinasema: niko wazi, njoo unitumie. Plagi haikuwa imefika mwisho. Inatakiwa uisukume mpaka isikike inajifunga, ka! Ndipo mashine na gari zinapoanza kusalimiana, na taa inageuka bluu, na bluu ndiyo chakula. Mimi nilikuwa nimeiegemeza tu, kama mwavuli mlangoni. Wewe haya uliyajua wiki ya kwanza chuoni na utacheka. Cheka. Ila siku mtu atakapokuambia "lakini ilikuwa kijani," usimcheke mbele yake. Hakuna aliyemwambia.

Basi nikaisukuma sasa kwa hasira, ikajifunga, ikawa bluu, nikaanza kumweleza Mama Evelina jinsi mambo yalivyo rahisi. Hatujamaliza kucheka, umeme ukakatika mtaa mzima.

Tungesubiri? Mbingu upande wa Makere zilikuwa nyeusi kama chungu. Vifaranga hawawezi kukaa stendi. Nikasoma kwenye dashibodi umbali uliobaki: Kibondo tutafika, kijijini hatufiki. Kibondo kuna mashine nyingine. Nikasema twende.

Mvua ilitukuta kabla ya Makere na haikutuacha tena. Baridi ikaingia, na kelele za nyuma zikabadilika. Kifaranga akisikia baridi analia kwa sauti kali, ya kulaumu. Nikawasha hita, na papo hapo ile namba ya umbali ikaanza kuporomoka kama mtu anayeteleza mlimani. Nikazima.

"Washa, mama," akasema Mama Evelina. "Wanalia baridi."

"Nikiwasha hatufiki."

"Usipowasha, tutafika na nini?"

Nimeendesha magari tangu wewe hujazaliwa, mwanangu, na sijawahi kuwa na safari ambayo joto la abiria linatoka kwenye miguu ya gari. Nikawasha, nikazima, nikawasha tena, na kila nilipogusa kile kitufe Mama Evelina alitazama kidole changu kama anayetazama mtu akipima chumvi.

Mwisho nikasimama pembeni, nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa huku kwetu angekifanya. Nikafunika. Unatujua. Televisheni tunaifunika kitambaa cha kufuma, redio ina nguo yake, rimoti tunaivalisha nailoni, na mtoto hata jua likiwaka tunamzungushia shuka mpaka haonekani pua. Kitu ukikipenda unakifunika. Mama Evelina akatoa vitenge vyake viwili, mimi nikavua sweta, na juu ya yote nikalaza lile blanketi langu zito la kahawia, nikalikaza pembeni pasibaki upenyo wa upepo.

Baada ya mwendo kidogo, kelele zikapungua. Kisha zikaisha.

"Wamelala," nikasema.

"Ego," akaitikia Mama Evelina, ndiyo ya kwao na ya kwetu. "Wamepata joto."

Nikajisifu kidogo, sikufichi. Nikamwambia mtu aliyelea mtoto kwenye baridi ya Kasulu hashindwi na boksi.

Tukakaribia Kibondo, na kwenye dashibodi akatokea kobe mdogo wa njano.

"Huyo kobe anafanya nini humo?" akauliza.

"Betri imekwisha. Anatuambia twende kama yeye."

Tukaenda kama yeye. Watu wa baiskeli walitupita, mmoja akiwa na gunia la mkaa, akageuka kututazama kwa huruma. Tuliingia kwenye kile kituo cha kuchaji gari likivuta pumzi za mwisho, na hapo nikaona jambo ambalo lilinifurahisha sana: mlinzi alikuwa ameifunika mashine.

Aliifunika kwa mapenzi, mwanangu. Turubai zito, la yale yanayotoka kambi za wakimbizi, lilizungushwa kutoka juu mpaka chini na kukazwa kwa mpira wa baiskeli. Palibaki uso tu wa kioo, na waya ukitokea ubavuni. Ungesema mzazi aliyejifungua jana.

"Amahoro, mama," mlinzi akatusalimia. Mzee Laurenti, mwenye koti kubwa kuliko yeye. "Karibuni. Ila leo imenuna."

Taa ilikuwa nyekundu. Kwenye kioo palikuwa na herufi na tarakimu za kosa, na chini yake, kwa bahati, Kiswahili: joto limezidi.

Nilisoma, nikatazama mvua. Nilisoma tena. Meno yangu yalikuwa yanagongana.

"Inasema joto?" akauliza Mama Evelina.

"Inasema joto."

"Joto la wapi?"

"Tangu asubuhi ni hivyo hivyo," akasema Mzee Laurenti. "Gari likija inachaji kidogo, halafu inapandisha hilo jekundu. Imechanganyikiwa. Nadhani ni baridi imeiingia. Leo nimeiongezea turubai la pili."

Nikapiga namba ya huduma iliyobandikwa pale. Akapokea dada mmoja mwenye sauti nzuri, ya mtu aliyekaa kwenye kiti.

"Soma kilichoandikwa, mama."

"Kimeandikwa joto limezidi."

"Hapo ulipo kuna jua kali?"

"Dada, hapa hata mbwa wamejifunika!"

"Basi itakuwa kihisi cha joto kimeharibika. Zima uwashe. Ikikataa nitaandika fundi aje."

"Fundi yuko wapi?"

"Mwanza."

Sitakuandikia nilivyomjibu, maana barua hii unaweza kuisoma mbele ya wenzako.

Tukazima, tukawasha. Nikasukuma plagi mpaka ka! Bluu ikaja, na kobe akatoweka, nami nikampiga Mzee Laurenti begani. Tulikuwa bado tunapongezana, jekundu likarudi. Joto limezidi. Tukazima tena, tukawasha tena. Mara ya tatu nikabonyeza kile kitufe kikubwa chekundu cha dharura ambacho mtoto yeyote angejua hakibonyezwi, sasa mashine ikatoa kosa jingine kabisa, na Mzee Laurenti akashika kichwa.

"Mama, umeiua!"

"Ilikuwa imeshakufa!"

"Ilikuwa inanuna tu! Wewe ndiye umeiua!"

Tukagombana pale kwenye mvua, watu wazima wawili, mimi nikimwita mzee asiyejua kitu na yeye akiniuliza leseni yangu niliipatia sokoni gani. Na katikati ya kelele zetu nikahisi kuna kitu kinakosekana. Nikanyamaza. Mzee Laurenti akanyamaza. Ni mvua tu iliyosikika.

Mama Evelina alikuwa amesimama nyuma ya gari. "Mbona kimya sana?" akasema polepole. "Mtoto aliyelala hugeuka. Hawa hawageuki."

Akainua pembe ya blanketi.

Sitaisahau sura yake. Vifaranga walikuwa wametawanyika kwenye kuta za boksi, wakikimbiana miili, mabawa wameyaachanisha, midomo wazi, wanahema kama watu waliopanda mlima. Wengine hawakuwa wanahema.

"Joto!" akapiga kelele. "Wanakufa joto! Toa! Toa blanketi, toa vyote!"

Tulirarua, tuseme hivyo, hatukufunua. Vitenge vikaanguka kwenye matope. Kutoka ndani ya yale maboksi ukanipiga usoni mvuke wa moto, kama nimefunua sufuria la maharage, kwenye baridi ile, kwenye mvua ile. Mama Evelina akaanza kuwapepea kwa kiganja, akimwita Mungu kwa lugha yao, Imana, Imana, akitenga waliokufa pembeni bila kuwatazama.

Nami nikabaki nimesimama na blanketi langu la kahawia mikononi, naligeuza, nalitazama. Kisha nikatazama mashine ndani ya maturubai yake mawili.

"Mzee Laurenti," nikasema. "Ile mashine inapumulia wapi?"

"Inapumua?"

"Ifunue."

"Itanyeshewa! Ikiharibika nitalaumiwa mimi!"

"Baba, imetengenezwa inyeshewe. Ifunue, nakuomba. Inasema kweli."

Hakutaka. Alilipenda lile turubai, na aliipenda ile mashine. Alifungua mpira wa baiskeli taratibu sana, kama anayemvua mtoto nguo ya sikukuu, na maturubai yote mawili yalipoanguka tukaona pande mbili za mashine zina matundu kama mashavu ya samaki, na ndani yake feni zikizunguka kwa kasi na kilio. Akaweka mkono, akautoa haraka.

"Yoo," akasema. "Ina homa."

Tukasubiri. Sijui ni muda gani. Ilikuwa ni kusubiri kule ambako unahesabu pumzi za wengine: Mama Evelina za vifaranga, mimi na mzee za mashine. Yule dada wa simu akanielekeza jinsi ya kukirudisha kile kitufe nilichobonyeza kwa ujinga wangu. Jekundu likazimika. Ikaja kijani, na safari hii nilijua maana yake: niko wazi, jaribu. Nikasukuma plagi kwa mikono miwili. Ka! Bluu.

Hakuna aliyempongeza mtu. Tulisimama tukiitazama ile bluu mpaka gari likapata cha kutufikisha, na joto kidogo la hita kwa waliobaki. Mashine inaonyesha kasi ya umeme unaoingia, na asilimia zilizojaa. Mimi siku ile nilikuwa nasoma pumzi kwenye vidomo vile tu.

Wengi walipona. Wengi, si wote. Mama Evelina aliwafukia waliokufa chini ya mgomba wake tulipofika, hakunilaumu hata kwa jicho, akaniambia, "Tulifunika wote wawili." Ukila mayai yanayoletwa hapa nyumbani kutoka Kibondo, ujue yanatoka kwa waliobaki.

Sasa utaniuliza, mama, kwa nini umeniandikia haya leo?

Kwa sababu ya yule dada wa simu. Hakuwa mjinga. Alikuwa na mashine iliyokuwa inamwambia kweli, na mwanamke aliyekuwa anamwambia kweli, na kweli hizo mbili hazikukaa pamoja kichwani mwake, akaona rahisi kusema mashine imeharibika. Mimi nilifanya vilevile, na mzee pia. Kesho kutwa wewe ndiye utakuwa kwenye hicho kiti. Mtu akikupigia kutoka huku milimani anatetemeka, na kioo chake kinasema joto, usimuulize habari za jua. Muulize kwa upole: mama, mmeifunika na nini?

Na kwa sababu ya lile jambo la kimya. Nilisikia kimya nikafurahi. Nilidhani wamelala. Dafroza, wewe tangu utoto ukiumia hulii, unanyamaza na kusema "niko sawa, mama," nami kwa miaka nimekuwa naisoma hiyo sawa yako kama ile taa ya kijani. Ulipofeli ule mtihani wa kwanza chuoni ulinyamaza wiki nzima, nikawaambia majirani binti yangu ametulia anasoma. Kwa hiyo ukifika kule na mambo yakawa mabaya, nipigie ulie. Piga kelele kama kifaranga wa Makere. Nitakusikia, na sitafunga safari siku hiyo hiyo kuja kukuchukua. Nitajaribu kutofunga.

Maana kuna jambo jingine, na heri ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa mama yako mdogo. Juzi nilimpigia kule Morogoro, tukapanga nyuma ya mgongo wako: usiende kwenye kile chumba ulichokodi na wenzako, ukakae kwake, bodaboda wake akupeleke kazini na kukurudisha, na yeye anitumie habari zako kila jioni. Tulipanga vizuri sana. Hapakubaki upenyo wa upepo.

Leo mchana, ulipotoka kwenda Munanila, niliingia chumbani kwako kulifunga begi lako. Nilikuwa nimeshasukumiza humo blanketi moja, halafu la pili, na zipu ikakataa. Nikaweka goti juu yake, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na nikiwa katika hali hiyo, goti juu, jasho linanitoka, nikalitambua blanketi la juu. Ni lile la kahawia.

Nikaondoa goti, nikayavuta yote mawili yakatoka.

Kisha nikampigia mama yako mdogo. Nikamwambia aache. Alibisha sana, akaniuliza kama nimeugua. Nikamwambia akusalimie Jumapili, ukitaka mwenyewe.

Kwa hiyo begi lako ni jepesi, usidhani umeibiwa. Mablanketi nimeyarudisha kabatini, yote mawili. Kuna shuka moja tu, lile jembamba la maua, na Morogoro wanasema kuna joto. Zipu nimeiacha wazi kidogo pale juu. Utaifunga mwenyewe asubuhi.

Nasikia pikipiki inapanda mlima, bila shaka ni wewe na ndizi za bibi yako. Naacha hapa.

Mimi mama yako,
dereva.